Acheni Kukisingizia Kioo

Kuna hadithi moja kuhusu kioo ambayo imegoma kufa. Inasema kwamba kioo si yabisi hata kidogo. Eti ni kimiminika kizito kinachotiririka polepole mno kiasi kwamba macho yetu hayawezi kukifumania. Ushahidi unaoletwa ni uleule siku zote: madirisha ya makanisa ya kale ya Ulaya, ambayo vioo vyake ni vinene chini na vyembamba juu. Miaka 800, wanasema, na kioo kimekuwa kikishuka kama asali. Mmekutana nayo kwenye video za dakika moja. Mmesimuliwa na walimu waliotaka darasa liamke baada ya chakula cha mchana. Na sasa, msifikiri sijaona, imeingia kwenye mashairi yenu na insha zenu. Mpenzi anaondoka taratibu kama kioo cha kanisani. Taifa linayeyuka bila kujijua kama kioo cha kanisani. Nimechoka.

Nimechoka si kwa sababu tu ni uongo. Waandishi tunadanganya kila siku na dunia haijaanguka. Nimechoka kwa sababu uongo huu umekalia kiti cha jambo la kweli, jambo gumu zaidi, geni zaidi na tamu zaidi, na kwa kuwa uongo umeshakaa hapo, hakuna anayeona kwamba kiti kina mwenyewe.

Tuyamalize madirisha kwanza. Mafundi wa zama hizo hawakuwa na mashine ya kumwaga kioo bapa. Walipuliza kioo cha moto kikawa kama kibuyu, wakakifungua mdomo, wakakizungusha kwa kasi kwenye ncha ya fimbo ya chuma mpaka kikatawanyika kuwa sahani pana. Au walipuliza bomba, wakalipasua ubavuni, wakalilaza. Kwa njia zote mbili unapata kioo chenye unene usio sawa, na fundi anayejenga dirisha ana kila sababu ya kuweka upande mzito chini. Vipo pia vioo vya kale ambavyo upande mnene uko juu au pembeni. Hivyo havina shairi.

Mwaka 1998 Edgar Zanotto, mtaalamu wa kioo kutoka Brazil, alifanya hesabu iliyopaswa kuimaliza hadithi hii: muda ambao kioo cha dirisha kingehitaji ili kishuke kwa joto la kawaida unapita umri wa ulimwengu wote kwa mbali sana. Mwaka 2017 kundi la John Mauro likaenda hatua moja mbele. Walitengeneza kioo kwa viambato vya kile cha zama za kati kilichoko Westminster Abbey, London, wakapima mnato wake badala ya kukisia. Waligundua kwamba kioo hicho ni chepesi kutiririka kuliko makadirio ya awali, tena si kidogo. Wapenzi wa hadithi wangeweza kushangilia hapo, ila hesabu haikuishia hapo: hata kwa mnato huo mpya, kioo kingeshuka kiasi cha nanomita 1 katika miaka bilioni. Unywele wako mmoja una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Na kama bado una shaka, iko lenzi ya darubini ya Yerkes, Marekani, yenye kipenyo cha zaidi ya mita 1, iliyoanza kutazama nyota mwaka 1897. Darubini huharibika kwa kasoro ndogo kuliko wimbi la nuru, lakini ile haikuharibika.

Tena tusiende mbali. Shanga za kioo zilizoletwa pwani yetu na majahazi kutoka India zimefukuliwa Kilwa, na kule kisiwani Pate kwenye magofu ya mji ulioitwa Shanga, zikiwa na matundu yake wazi. (Najua, punje ndogo kama ile haina uzito wa kujivuta, kwa hiyo huu si ushahidi mkali. Nimeutaja kwa sababu naupenda.)

Sasa, kile kilichofunikwa.

Chukua mchanga safi wa silika, uyeyushe kwa zaidi ya nyuzijoto 1,700 za sentigredi, kisha uache upoe. Maji yakipoa hufika mahali, nyuzi 0, na hapo molekuli zake hujipanga foleni kwa mkupuo: barafu. Silika haijisumbui. Atomu zake zinapunguza mwendo, zinazidi kupunguza, zinasongamana, zinakwama. Hakuna nyuzijoto hata moja ambayo unaweza kuinyooshea kidole na kusema hapa ndipo jambo lilipotokea. Ukipiga picha ya mahali atomu zilipo katika kimiminika, kisha ukapiga nyingine katika kioo kilichopoa, utapata shida kusema ipi ni ipi. Lakini kimoja kinamwagika na kingine kinakukata mkono. Kimebadilika nini? Philip Anderson, aliyepata Nobeli ya fizikia mwaka 1977, aliandika mwaka 1995 kwamba nadharia ya asili ya kioo huenda ndilo tatizo lenye kina kirefu na la kuvutia kuliko yote yaliyosalia bila jibu katika nadharia ya yabisi. Hilo ndilo swali mlilonyang'anywa. Mkaambiwa "kinatiririka polepole," mkaondoka mmeridhika, na swali likabaki mlangoni kama mgeni aliyenyimwa hodi.

Ila hao wa kutiririka ni wachekeshaji tu. Wapo wengine ninaowaona wabaya zaidi, kwa sababu wanazungumza kwa heshima na wana vitabu mkononi. Hawa husema: kioo ni amofasi. Yaani hakina mpangilio. Yaani atomu zimetupwa holela. Kisha wanafunga ukurasa na kuhamia kwenye fuwele, chumvi na almasi, ambako kila kitu kina sura na jina. Mwalimu wangu mmoja wa sekondari alitutafsiria neno hilo kuwa "kitu kisicho na umbo," na mwenzetu mmoja wa nyuma akainua chupa ya soda na kuuliza kama hiyo haina umbo. Akatolewa nje. Swali lake lilikuwa zuri kuliko tafsiri.

Mtu anayesema kioo ni vurugu tu anafanana na mtu anayesema Tandale ni vurugu tu. Kariakoo imepangwa kwa mistari. Ukijua mtaa wa kwanza na wa pili unaweza kukisia wa kumi. Hiyo ni fuwele. Tandale huwezi kukisia hivyo. Lakini kila nyumba ya Tandale ina kuta, ina mlango, mlango unatazama njia, njia inafika kisimani au barabarani, na aliyezaliwa pale hapotei usiku. Anayesema hakuna mpangilio hajawahi kutembea pale. Ameangalia ramani kutoka juu, akakosa mistari, akaandika ripoti.

Katika kioo cha silika, kila atomu ya silikoni imezungukwa na oksijeni nne, na umbali kati yao ni kama nanomita 0.16, kwa nidhamu ileile unayoikuta kwenye fuwele. Hilo halina holela hata chembe. Kila oksijeni inashikana na silikoni mbili, na hapo ndipo ulegevu unapoanza: pembe ya kiungo hicho iko kama nyuzi 144 kwa wastani, lakini inaruhusiwa kupanuka hapa na kubana pale. William Zachariasen alilipendekeza wazo hili la wavu usiojirudia mwaka 1932, na kwa majirani wa karibu limesimama hadi leo. Shida ni ukitoka mtaani. Kwenye nanomita 1, nanomita 2, nanomita 5, mpangilio ukoje? Kuna vitongoji vigumu na vitongoji laini? Kuna mahali wavu umekazwa na mahali umeachwa ulegee? Ukipiga fuwele kwa eksirei unapata vitone vikali na vilivyopangika, na kutoka kwenye vitone unasoma kila kitu. Ukipiga kioo unapata pete chache zenye ukungu. Eksirei inakwambia habari za jirani na wastani wa mbali, kisha inanyamaza.

Basi unafanya nini na kitu ambacho huwezi kukiona ndani? Nenda kwenye soko lolote wanapouza vyungu, umtazame mama anayenunua. Haangalii chungu kwa macho tu. Anakiinua, anakigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Chungu kizima hulia. Chenye ufa hukoroma. Ufa wenyewe hauonekani, lakini mtetemo umepita humo na umerudi na habari.

Wanafizikia wa kioo wanafanya hivyo hivyo, ila wana tatizo ambalo mama wa sokoni hana. Wimbi linaona tu vitu vinavyokaribia urefu wake lenyewe. Sauti inasafiri ndani ya silika kwa kasi ya karibu kilomita 6 kwa sekunde. Ukiitetemesha mara 1,000 kwa sekunde, wimbi moja lina urefu wa mita 6, na kwa wimbi la namna hiyo kioo ni uji laini, hakina punje. Kipimo cha mawimbi sauti cha hospitalini hutetema mara milioni kadhaa kwa sekunde, ndiyo maana kinaona vidole vya mtoto tumboni: wimbi lake limefupishwa hadi sehemu ya milimita. Ukitaka wimbi la nanomita 6, urefu wa kitongoji tunachokitafuta, lazima utetemeshe kioo mara trilioni 1 kwa sekunde. Terahezi 1. Hakuna kifundo cha kidole cha kasi hiyo.

Zipo njia, na ni hapa ambapo ningewaomba wanaodai sayansi haina ushairi watulie kidogo. Miaka ya 1980, Humphrey Maris na wenzake katika Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walipaka utando mwembamba wa kuakisi, wakaupiga kwa mmweko wa leza unaodumu chini ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Utando unapata joto ghafla, unatanuka ghafla, unasukuma. Huo msukumo ndio ngumi: wimbi fupi la sauti linaloingia ndani, linagonga mpaka, linarudi, na mmweko wa pili wa leza unalipokea kwa kupima jinsi mng'ao wa utando unavyobadilika kidogo mwangwi unapofika. Kwa njia hii unafika mamia ya bilioni ya mitetemo kwa sekunde.

Ukitaka kwenda juu zaidi, unaacha kabisa kugonga. Kioo hakihitaji kugongwa. Joto lake lenyewe linakigonga usiku na mchana, kwa kila aina ya mtetemo unaowezekana. Kazi yako ni kusikiliza. Unatuma chembe za nyutroni au eksirei, na unaangalia ni kiasi gani cha nishati zimepoteza au zimepata kwa kukutana na mitetemo hiyo. Kule Grenoble, Ufaransa, kuna mtambo wenye mzunguko wa mita 844, uitwao ESRF, ambao miaka ya 1990 ulianza kufanya hivyo kwa eksirei. Ugumu wake ni huu: eksirei ina nishati mara milioni kadhaa ya ile ya mtetemo unaoutafuta. Ni kama kupima njia ya Dar es Salaam hadi Mwanza na kosa lako lisizidi upana wa kiganja. Walipima.

Na walichokuwa wanakitafuta kilikuwa kimeshajulikana kuwa kipo. Mwaka 1971 Robert Zeller na Robert Pohl, katika Chuo Kikuu cha Cornell, walichapisha vipimo vya joto vya vioo vilivyopozwa karibu na sifuri kamili. Kwa fuwele isiyopitisha umeme, nadharia ya Debye ya mwaka 1912 inasema ukishusha jotoridi kwa nusu, uwezo wake wa kutunza joto unabaki sehemu moja ya nane. Fuwele inatii. Kioo, chini ya Kelvini 1, kinakataa: ukishusha kwa nusu, kinabaki na karibu nusu. Kina mitetemo, au mijongeo ya namna fulani, ambayo fuwele haina. Na si kioo cha silika peke yake. Seleni, plastiki, vitu ambavyo kikemia havina undugu wowote, vyote vinakataa kwa namna inayofanana. Kama vioo ni "holela tu," kwa nini uholela wa silika ufanane na uholela wa plastiki? Hili swali sijaona mwalimu wa "amofasi" akilijibu, kwa sababu sijaona akiliuliza.

Juu kidogo ya hapo, karibu na terahezi 1, kuna ziada ya pili: nundu ya mitetemo inayozidi hesabu ya Debye. Wataalamu wanaiita kilele cha bosoni. Jina baya. Lilitokana na jinsi mwanga unaotawanywa na kioo unavyobadilika na jotoridi, kwa kanuni ya Bose. Lakini mitetemo yote ya yabisi zote, fuwele kwa kioo, inafuata kanuni hiyo. Ni sawa na kumwita mtu mmoja kijijini "Mwenye Pua." Wanafizikia nao wana dhambi zao za lugha, na hii ni mojawapo: jina kubwa linalomfanya msikilizaji adhani jambo limeelezwa.

Halijaelezwa. Wanagombana, na ugomvi wenyewe ni mzuri kuliko hekaya zote za makanisa. Kambi moja inasema: tazama urefu wa wimbi kwenye kile kilele. Kwa mawimbi ya kukata, yale yanayotikisika kwa upande, ni nanomita 4 hivi. Hapo ndipo sauti inapoacha kuwa sauti. Wimbi linatawanywa kabla halijamaliza hata hatua yake moja; kabla halijasafiri urefu wake lenyewe. Kwa nini? Kwa sababu limefika kwenye ukubwa wa vitongoji: hapa pagumu, pale laini. Walter Schirmacher na wenzake walijenga hesabu ya jambo hili mwaka 1998, na inatoa nundu kama ile inayopimwa. Kilele, kwa kambi hii, ni sauti ya kutofanana kwa kioo na kioo chenyewe.

Kambi ya pili inawaambia: mnajidanganya kwa kuchagua kibaya cha kulinganisha nacho. Mnalinganisha kioo cha silika na kwatzi. Lakini kila sentimita ya ujazo ya kwatzi ina gramu 2.65, na ya kioo ina gramu 2.20. Bila shaka kioo kitatetema taratibu zaidi, kimelegea. Aleksandr Chumakov na wenzake, katika makala ya mwaka 2014, walilinganisha kioo na kristobaliti, fuwele ya silika ileile lakini yenye densiti inayokaribia ile ya kioo, wakakuta kwamba sehemu kubwa ya ziada imetoweka. Fuwele nayo ina nundu yake. Kwa hiyo, wanasema, ni densiti, si vurugu.

Mimi nawaona hawa wa pili wamefanya ulinganisho safi zaidi, na ni funzo kwa kila mtu anayejenga hoja: chagua mpinzani wa uzito wako. Lakini densiti haijibu jambo la chini ya Kelvini 1. Huko bado tumesimama na wazo la mwaka 1972, la Anderson, Halperin na Varma upande mmoja na Phillips upande mwingine: kwamba ndani ya kioo kuna vikundi vidogo vya atomu vyenye makao mawili yanayokaribiana, na vinahama kutoka moja hadi jingine kwa kupenya kikwanta, kama mtu mwenye nyumba mbili asiyejua alale wapi. Wazo linafanya kazi vizuri sana kwenye hesabu. Lakini ni atomu zipi hizo katika silika? Miaka zaidi ya 50, na hakuna jibu lililokubaliwa na wote. Wakati huohuo watu wanaojenga kompyuta za kwanta wanalia kwa sababu yake, maana sakiti zao zina tabaka jembamba la oksidi lisilo fuwele, na vikundi hivyohivyo vya nyumba mbili vinawanyonya nishati.

Mwaka huohuo wa 2014, kundi la Madrid lilipima kaharabu. Si kaharabu ya dukani. Ni utomvu wa miti uliochimbwa El Soplao, kaskazini mwa Hispania, wenye umri wa miaka milioni 110. Kaharabu ni kioo. Kama kuna kioo duniani kilichopata nafasi ya kutulia, ni hicho. Walikipima karibu na sifuri kamili, kisha wakakipasha moto ili kufuta uzee wote, wakakipima tena. Kilele kilikuwa palepale. Nyumba mbili zilikuwa palepale. Miaka milioni 110 haikuziondoa. Halafu kundi hilo, na wenzao wa Barcelona, wakapima utando wa indomethasini, dawa ya maumivu, uliojengwa molekuli kwa molekuli kutoka kwenye mvuke. Huo nao ni kioo, tena wa siku chache tu. Ndani yake ile ziada ya chini ya Kelvini 1 ilikuwa imetoweka. Kwa hiyo umri haukufua dafu, na namna ya kutengeneza ikafua. Wekeni hilo kwenye shairi, kama mnaweza.

Sasa najua yupo mmoja pale nyuma amekunja mikono. "Haya yanatusaidia nini sisi?" Swali hili hulitoa mtu aliyelichukulia kama kofia ya uzalendo, na kwa kawaida hulituma kupitia nyuzi za kioo. Tangu mikongo ya baharini ifike Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, maneno yetu mengi yanayovuka bahari yanapita ndani ya silika. Kila kilomita moja ya uzi huo inapoteza kama asilimia 4 na nusu ya nuru, na sehemu kubwa ya upotevu huo ni tofauti ndogondogo za densiti, ndogo kuliko wimbi la nuru, zilizogandishwa humo siku uzi ulipovutwa na kupoa. Vile vitongoji. Huwezi kuvifuta kwa kusafisha kioo zaidi, kwa sababu si uchafu. Ni kioo chenyewe.

Lakini nitaacha mkongo, maana kila mtu husema mkongo. Nizungumzie vidonge.

Ritonavir ni dawa ya kupunguza makali ya VVU. Ilipoingia sokoni Marekani mwaka 1996 ilidhaniwa ina fuwele ya aina moja tu. Mwaka 1998 ikajitokeza aina ya pili, iliyotulia zaidi na ngumu kuyeyuka, na pale ilipoingia kiwandani ikageuza vidonge vya kapsuli kuwa kitu kisichofaa. Zikaondolewa sokoni. Wagonjwa waliokuwa wanaishi kwa dawa ile wakarudishiwa maji ya dawa yenye ladha ya kuchukiza. Baadaye dawa hiyo, ikiwa pamoja na lopinavir kwa jina la Kaletra, ilikuja kwenye kapsuli zinazotakiwa kukaa kwenye friji. Fikiria friji katika zahanati ambayo umeme unakuja ukipenda. Mwaka 2005 vikaidhinishwa vidonge vya Kaletra ambavyo havihitaji friji, na siri yake ni kwamba dawa imeyeyushwa pamoja na polima kisha ikagandishwa kuwa kioo. Kioo, ndugu yangu. Molekuli hazijafungwa kwenye foleni ya fuwele, kwa hiyo tumboni zinaachana kirahisi. Kwenye nchi za joto jambo hilo halikuwa anasa.

Ila kioo cha dawa kinakaa ukingoni. Molekuli zikipata nafasi ya kujongea, zinaweza kukumbuka foleni na kurudi kuwa fuwele, na kidonge kikafa ndani ya chupa kikiwa na sura ileile. Zitajongea lini, kwa joto gani, kwa unyevu gani? Hilo ndilo swali la mitetemo. Huko Cambridge wapo watafiti wanaotumia mawimbi ya terahezi kupima jinsi molekuli za dawa za namna hii zinavyoanza kulegea jotoridi linapopanda. Mtu anayeniuliza mitetemo ya kioo inatusaidia nini, namwomba aulize tena akiwa amesimama mbele ya stoo ya dawa yenye paa la bati, mwezi wa pili, Dodoma.

Hoja ya mwisho ninayoisikia ni ya huzuni, na siidharau: kwamba hata kama ni muhimu, si kazi yetu, maana Afrika haina hata mtambo mmoja kama ule wa Grenoble. Kweli, haina, ni bara pekee linalokaliwa na watu lisilo nao, na Afrika Kusini imelazimika kuingia mkataba na Grenoble ili watafiti wake wapate nafasi. Inaudhi. Lakini ule mtambo haukukigundua kilele. Mwaka 1928, Calcutta, chini ya Waingereza, C. V. Raman alianza na nuru ya jua, vichujio vya rangi na macho yake, akaonyesha kwamba nuru inayotawanywa na kitu hubadilika rangi kwa sababu ya mitetemo iliyomo. Alipewa Nobeli mwaka 1930. Na miongo kadhaa kabla ya eksirei za Grenoble, mwaka 1953, mhindi mwingine, R. S. Krishnan wa Bangalore, akichunguza silika iliyoyeyushwa na kugandishwa, aliona kwenye wigo wake mng'ao mpana usiokuwapo kwenye fuwele, karibu kabisa na mstari wa nuru aliyoitumia. Ile nundu. Alikuwa na taa ya zebaki na sahani za kupigia picha.